Rangi ya nywele haitoki kwa amri

Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, mwalimu wa zamu husimama langoni akakagua sare, viatu, kucha na nywele. Ni desturi ya siku nyingi na sina ugomvi nayo. Mwanafunzi atokaye likizo ya Desemba hurejea na mengi aliyoyaokota huko alikokuwa: misemo mipya, mwendo mpya, na mara nyingine kichwa kilichobadilika rangi. Hapo ndipo hutolewa amri ambayo nimeisikia hapa kwetu Mikinduri na ambayo, sina shaka, msomaji ameisikia kwao pia: "Nenda nyumbani ukaitoe rangi hiyo, urudi Jumatatu ukiwa kama wenzako."

Amri yenyewe ni fupi na inaeleweka. Kasoro yake ni moja tu, kwamba aghalabu haitekelezeki. Rangi iliyoingizwa ndani ya unywele kwa nguvu za kemia haitoki kwa sababu naibu wa mwalimu mkuu amekunja uso. Na mtoto akipewa siku mbili kulitenda jambo lisilowezekana, atalijaribu kwa njia yoyote itakayomjia mkononi. Njia hiyo "yoyote" ndiyo iliyonishikisha kalamu leo.

Nimefundisha kemia katika sehemu hizi za Tigania kwa miaka mingi, na nimeyaona matokeo yake kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita, binti mmoja wa kidato cha pili katika shule ya kutwa alitiwa rangi saluni wakati wa likizo, kwa ajili ya harusi ya shangazi yake. Haikuwa rangi ya kupigia kelele. Ilikuwa ile tuiitayo damu ya mzee, iliyokoza kiasi kwamba ndani ya nyumba ungedhani ni weusi wa kawaida. Jua likiimulika ndipo inapojitokeza. Jua la asubuhi liliimulika langoni. Ijumaa hiyo akarudishwa nyumbani na amri ya Jumatatu.

Binti huyo aliishi na nyanya yake, mama yake akiwa kazini Nairobi. Jumamosi aliosha kichwa kwa sabuni ya mche mara nne, rangi isitikisike. Jumapili rafiki yake akamwambia kwamba dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hutoa kila doa, na kwamba maji ya ndimu huiongezea makali. Alivichanganya viwili hivyo katika beseni, akajifungia bafuni, akainamisha kichwa. Niliitwa kwa kuwa tulikuwa majirani, na kwa kuwa watu hudhani mwalimu wa kemia ni nusu daktari. Nilimkuta uani akikohoa kama mtu aliyevuta moshi wa pilipili, macho yamemwiva, na ngozi iliyo juu ya masikio imebambuka. Tukammwagia maji safi mtungi baada ya mtungi, kisha tukampeleka hospitalini. Alipona, ingawa sehemu moja ya kichwa ilikaa miezi mingi bila kuota kitu. Na zile nywele zilizosalia, msomaji, zilikuwa bado na rangi. Zilikuwa zimetoka kwenye damu ya mzee zikawa kama kutu ya bati kuukuu.

Wanafunzi wa kemia na wasome hapa kwa makini. Dawa ile ya nguo ni haipokloraiti ya sodiamu iliyoyeyushwa majini. Ikikutana na asidi, iwe ya ndimu au ya siki, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawaangamiza wanajeshi ndani ya mahandaki yao. Kiasi cha bafuni ni kidogo, lakini bafu nalo ni dogo na mlango umefungwa. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika rangi nyingi za nywele, dawa hiyo hutoa gesi nyingine za sumu ziitwazo kloramini. Hata ikiwa peke yake, kazi yake ni kuvunjavunja protini. Na unywele ni protini, kama ilivyo ngozi iliyouotesha. Anayejipaka kichwani hafui rangi, anayeyusha kichwa.

Kwa nini basi rangi ishike namna ile? Unywele una ganda la nje lililofanywa kwa magamba madogo mno, yamelaliana kama vigae vya paa. Ndani ya ganda hilo mna kiini, na humo ndimo hukaa rangi ya asili tuliyozaliwa nayo. Rangi ya kudumu ya saluni huja katika vichupa viwili. Cha kwanza kina amonia au kitu kama hicho, ambacho huyainua magamba, pamoja na molekuli changa zisizo na rangi yoyote. Cha pili kina haidrojeni peroksaidi. Vikichanganywa na kupakwa, molekuli zile changa hupenya magambani zikiwa ndogo. Peroksaidi inazioksidisha humo ndani. Zinashikamana, zinakuwa kubwa, na sasa ndipo zinapata rangi. Ni sawa na fundi aliyeingiza mbao nyumbani kupitia mlango mwembamba, akaunga kitanda humo ndani, kisha mwenye nyumba akaagiza kitanda kitolewe. Mbao zilipita, kitanda hakipiti. Sabuni hubisha hodi mlangoni. Haina uwezo wa kukivunja kitanda.

Ujuzi huu si wa leo. Mwaka wa 1863 mwanakemia Mjerumani, August Wilhelm von Hofmann, alieleza tabia ya kitu kiitwacho parafenilinidiamini, ambacho wataalamu hukiita PPD kwa kifupi, jinsi kinavyopata rangi nzito kikioksidishwa. Mwaka wa 1907 Mfaransa kijana, Eugène Schueller, alitengeneza rangi ya nywele na kuwauzia wasusi wa Paris, na mwaka wa 1909 akaanzisha kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa L'Oréal. Jina lake la awali, kwa tafsiri, lilikuwa Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizodhuru. Mtu akijitangaza kwa neno "zisizodhuru", ni dhahiri kwamba zilizomtangulia zilikuwa zikidhuru. Hadi leo PPD na jamaa zake wa karibu ndio msingi wa rangi nyingi nyeusi za kudumu, zikiwemo zile za unga ambazo wengi wetu tunazijua kwa jina la kanta. Unga huo hauna kichupa cha pili kwa sababu kioksidishi aghalabu kimo humo humo, kikingojea maji tu.

Kwa hiyo, kabla ya mtu kufikiria kuitoa rangi, na ajiulize kwanza ni rangi ya namna gani. Zipo zinazokaa juu ya magamba tu, zikaondoka kwa kuoshwa mara moja au mbili. Zipo zinazoingia kidogo, bila kuchanganywa na chochote, nazo hufifia polepole kila zinapooshwa, yapata majuma manne hadi manane. Lakini kama vitu viwili vilichanganywa kabla ya kupakwa, au unga ulikorogwa kwa maji ukaachwa uive kichwani, basi hiyo ni ya kudumu. Msusi anajua. Swali moja kwake lingeokoa mambo mengi, na ajabu ni kwamba halimjii mtu akilini.

Rangi ikiwa ni mpya, ya siku mbili tatu, na hasa ikiwa si ya kudumu, shampuu kali ya kuondoa mba pamoja na maji ya uvuguvugu huipunguza. Baada ya kila kuosha, nywele zipakwe mafuta, kwani shampuu hiyo huzikausha. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, yakalazwa kichwani usiku kucha, nayo huifungua ile rangi ya juu juu. Hayana maajabu, lakini hayana madhara, na hilo la pili ni jambo kubwa katika habari hizi.

Njia ya nyumbani iliyo na mantiki ya kemia ndani yake ni vitamini C. Vidonge vyake vinavyouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya dawa husagwa, vikachanganywa na shampuu hadi viwe uji mzito, vikapakwa kwenye nywele zenye unyevu na kuachwa kwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuoshwa. Vitamini C ni asidi ya askobiki, nayo hupenda kuyapinga yale yafanywayo na oksijeni. Kwa kuwa rangi iliungwa kwa kuoksidishwa, baadhi ya maungo hulegea. Nasema baadhi. Rangi iliyotiwa wiki hii hupungua makali. Kanta iliyokaa miezi miwili haisikii. Tena mwenye vidonda au mikwaruzo kichwani asiiguse, itamwasha vibaya.

Magadi ya kuokea, yaani bikaboneti ya sodiamu, husifiwa sana. Yana uwezo wa kuyainua magamba kidogo, na ndiyo maana huacha nywele zikiwa kavu na zenye kukatika, sembuse nywele zetu hizi za kipilipili ambazo ukavu ndiyo maradhi yake ya kwanza. Maji ya jivu ni ndugu wa magadi, ila makali zaidi. Ndimu na jua kali huunguza ngozi kabla ya kuigusa rangi. Kuhusu mafuta ya taa, ambayo nimesikia yakipendekezwa na watu wazima wenye akili zao, nitasema tu kwamba kichwa kilicholoa mafuta ya taa katika nyumba yenye jiko la makaa hakihitaji maelezo zaidi.

Zipo dawa maalumu za kutolea rangi ya kudumu, ambazo huuzwa katika maduka ya vipodozi ya miji mikubwa. Nyingi zina misombo ya salfa, na ndiyo sababu hunuka kama yai viza. Hizi kweli hukivunja kitanda: huirudisha molekuli kubwa katika hali ya udogo, isiyo na rangi. Lakini udogo huo haudumu. Vipande vikiachwa kichwani, oksijeni ya hewani itaviunga upya, na mtu aliyelala akidhani amepona ataamka akiwa kama jana. Basi lazima nywele zisuuzwe kwa maji mengi, dakika kumi na tano, ishirini, bila kuchoka. Hapo mimi hufikiria nyumba zetu ambazo maji hutekwa mtoni na kubebwa mgongoni. Karatasi ya maagizo iliandikwa na mtu mwenye bomba lisilokauka.

Hata dawa hiyo ikifanya kazi barabara, haimrudishii mtu nywele zake za zamani. Peroksaidi iliyotumiwa siku ya kwanza ilikuwa imekwisha kuipunguza rangi ya asili iliyomo kiinini. Kinachobaki rangi ya saluni ikitoka ni wekundu fulani wa hudhurungi, na langoni mwa shule wekundu huo utaonekana zaidi kuliko damu ya mzee. Ndipo mtu hujikuta akitia rangi nyeusi juu yake ili afanane na wenzake, na mzunguko ukaanza upya. Yuko pia msusi atakayependekeza kuziunguza kwa unga wa kupaushia. Kwa nywele zilizowahi kulainishwa kwa dawa, ambazo tayari zimedhoofishwa, huko ni kuzitafutia kukatika shinani. Na kwa rangi zile zenye chumvi za madini, unga huo na peroksaidi huweza kuchemka kichwani kwa joto la kuunguza. Shughuli hiyo si ya nyumbani, na si ya mtoto.

Nikiwa bado kwenye habari hii, sitawaacha nyuma walimu wenzangu. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Katika vyumba vingi vya walimu nilivyoingia, PPD imo kwa wingi kuliko ilivyo madarasani, isipokuwa kwamba huko huitwa "kujitunza". Mtu anapoukaribia umri wa miaka 60, ambao ndio wa kustaafu kwa mwalimu wa serikali, mvi humsumbua kuliko mitihani. Namjua mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyejipaka kanta juzijuzi akitaka tu kuzificha nywele chache za upande wa masikio. Kichwa kikatoka cheusi ti, kama sufuria ya kuni, na paji la uso likapata mstari mweusi kama kofia iliyochorwa. Alipokwenda kwenye kikao cha wazee, wenzake walimuuliza kwa adabu zote yeye ni wa rika lipi siku hizi. Katika nchi hii ya Meru, ambako Njuri Ncheke bado ni neno lenye uzito na mvi ni kama cheti, mzaha huo si mwepesi. Alinijia jioni, giza limekwisha kuingia, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu," akaniambia, "nazitaka mvi zangu."

"Zipo, Mwalimu," nikamjibu. "Zimo chini ya ngozi, ziko njiani."

Doa la paji la uso halikuwa na shida. Mafuta ya kujipaka na kitambaa laini, kisha sabuni, hulipunguza, hasa likiwahiwa. Lisipotoka lote, ngozi yenyewe hujibambua kidogo kidogo na baada ya siku chache limekwenda. Anayepaka rangi na ajipake mafuta mazito kuzunguka paji na masikio kabla ya kuanza, doa halitashika. Kuhusu nywele zenyewe, nilimshauri akione kinyozi. Mvi zilizotiwa kanta zikitolewa rangi kwa dawa hazirudi kuwa nyeupe, huwa za manjano kama karatasi ya zamani. Alinyolewa, na majuma matatu baadaye alikuwa na mvi zake fupi, safi, zinazoheshimika.

Lipo jambo zito zaidi ya uzuri. PPD huwachukia baadhi ya watu, na chuki hiyo huweza kujitokeza hata kwa aliyeitumia mara nyingi bila tatizo. Huanza kwa mwasho nyuma ya masikio na kope kuvimba, mara nyingine siku moja au mbili baada ya kupaka. Mwili ukishaikataa, hukataa maisha yote. Hapo kazi si kuiondoa rangi ili mtu apendeze. Kazi ni kuosha kwa maji mengi na kumwona daktari, na uso ukivimba au pumzi ikibana, ni kwenda hospitalini saa hiyo hiyo. Ndiyo sababu maagizo yaliyo ndani ya pakiti, yale yanayotupwa pamoja na pakiti, husema mtu apake tone dogo kwenye ngozi na kungoja saa 48. Dada zetu wa Pwani wanaijua habari hii kwa jina la piko: hina halisi hutoa rangi nyekundu ya machungwa au ya hudhurungi, haitoi weusi wa makaa, na ule weusi unaochorwa mikononi mwa maharusi mara nyingi ni rangi hii hii ya nywele. Wapo waliobaki na makovu yenye umbo la maua. Na nchini Sudan madaktari wamekwisha kuandika kuhusu wagonjwa waliomeza PPD, koo likavimba hadi hewa isipite na figo zikashindwa kufanya kazi. Unga huo haufai kukaa kwenye rafu moja na majani ya chai.

Nayarudia sasa ya langoni. Sisemi wanafunzi waachwe watie rangi watakavyo. Sheria ya shule ni ya shule, na mzazi aliyetia sahihi fomu ya kujiunga aliisoma, au angalau alipewa nafasi ya kuisoma. Ninalosema ni kwamba adhabu ipimwe na ukweli wa vitu. Nywele za binadamu huota karibu sentimita moja kwa mwezi, na zetu pengine pungufu kidogo. Muhula mmoja huleta sentimita mbili hadi tatu za nywele mpya zisizo na rangi yoyote. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mwanafunzi anaweza kuchagua kunyoa leo, na jambo likaisha leo bila dawa wala gharama ya maana. Au anaweza kuzisuka au kuzifunga vizuri, akangoja hadi mwisho wa muhula, kisha akakata sehemu yenye rangi. Njia zote mbili ni salama. Wala kunyoa si aibu katika nchi ambayo shule zake nyingi za umma zimewazoesha wasichana nywele fupi tangu jadi. Nyanya ya yule binti, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, aliisema njia hiyo tangu Ijumaa jioni: "Mnyoeni, nywele huota." Hakusikilizwa kwa sababu amri haikusema kunyoa, ilisema kutoa rangi, na mtoto alitii maneno ya amri.

Vilevile, kumfungia mtoto nje ya lango kwa ajili ya nywele si jambo la mwalimu peke yake tena. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumuumiza mwili au kumsumbua akili. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi, mbele ya Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba shule moja ya upili mtaani Kibra ilikosea kumfukuza msichana wa imani ya Kirastafari kwa sababu ya nywele zake za kusokotana. Kesi hiyo ilihusu imani, haikuhusu vipodozi, na mwanafunzi mwenye damu ya mzee kichwani asije akainukuu mbele ya bodi ya shule akidhani imempa ruhusa. Hata hivyo ilitukumbusha kwamba kati ya nywele na masomo, sheria inajua kilicho kizito.

Kisha kuna suala la kipindi chenyewe cha kemia. Tunafundisha oksidisho na kinyume chake kwa mifano ya shaba na zinki, mwanafunzi akakariri, akapasi, akasahau. Somo hilo hilo limo kichwani mwa dada yake na katika pakiti iliyo dirishani mwa mama. Mwalimu akichukua pakiti moja ya kanta na kusoma na darasa yaliyoandikwa ubavuni, wanafunzi wataelewa kwa nini weusi huja baada ya dakika ishirini wala si papo hapo, kwa nini pakiti iliyofunguliwa zamani haifanyi kazi, na kwa nini dawa ya nguo haikutani na ndimu. Nimelifanya somo hilo, na sijapata kuona darasa lililonyamaza vile alasiri ya Ijumaa.

Kwa walimu wakuu nina ombi la nusu ukurasa. Kabla ya kufunga shule muhula wa tatu, barua ya wazazi inayotaja karo na sare na itaje pia nywele: kwamba rangi hairuhusiwi, kwamba atakayerudi nayo atanyoa au atazifunga hadi ikue, kwamba asijaribu kuitoa kwa dawa ya nguo wala kwa kitu kingine cha jikoni. Na ikiwa ameshaijaribu, kichwa kioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua ishirini, atolewe nje apate hewa, apelekwe hospitalini. Barua hiyo itoke mapema, kabla saluni za sokoni hazijaanza kujaa.